Dobi na Tangi la Wapangaji

Kila asubuhi Dobi alifungua mlango wa nyuma, akapanga mabeseni yake kibarazani, akagawa nguo kwa mafungu. Mashuka ya nyumba ya wageni huku. Makoti meupe ya zahanati kule. Mashati ya wanafunzi katikati. Soksi aliziweka mbali, peke yake. "Soksi hazina adabu," alizoea kusema.

Zamani alikuwepo mtu wa kucheka mzaha huo. Mke wake alikaa kwenye kigoda, upande wa pili wa mabeseni. Dobi alifua, mke akasuuza. Shuka likiwa zito, kila mmoja alishika ncha yake. Wakalisokota, huyu kulia, yule kushoto, mpaka maji yakaisha. Walifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Mke alifariki mwaka uliopita. Sasa Dobi alifunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo, akasokota peke yake. Nguzo haisemi, "Polepole bwana, utaniangusha."

Na kusuuza? Hapo alijitafutia njia ya mkato. Alichomeka mpira wa maji kwenye bomba la kibarazani. Ncha ya pili aliitumbukiza kwenye beseni la kusuuzia, akaacha maji yatiririke. Yeye alifua huku, maji yakasuuza kule. Maji yaliyofurika yaliingia kwenye mfereji na kupotea nyuma ya ukuta.

Nchi ilikuwa kavu. Mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili. Maji ya mji yalikuja kwa mgao, mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi. Siku hiyo tangi la ua lilijazwa. Lilikuwa tangi la lita elfu tano, na familia saba zililitegemea mpaka Jumamosi nyingine.

Lakini miezi hii tangi lilikuwa likikauka Jumanne.

Wapangaji walianza kutazamana. Kisha wakaanza kumtazama Dobi. Hakuna aliyemtukana. Labda kutukanwa kungekuwa afadhali. Walipompita walisema "Shikamoo mzee," akajibu "Marahaba," basi. Salamu zilibaki, mazungumzo yakaondoka. Kina mama waliokuwa wakichambua mboga karibu na kibaraza chake walihamisha vigoda vyao hadi upande wa pili wa ua.

Jumapili binti yake alipiga simu kutoka mji wa mbali, alikoolewa.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

"Majirani hawajambo?"

Dobi alitazama dirishani. Vigoda vilikuwa kule mbali, na vicheko vilikuwa kule mbali.

"Hawajambo. Wanakusalimu sana," alisema.

Simu ilipokatika, aliendelea kuishikilia sikioni kwa muda.

*

Jumanne tangi lilikauka tena. Siku hiyo mtoto mdogo wa Mshonaji alikuwa anaharisha. Mshonaji alikaa chumba cha mkabala na Dobi. Alikuwa na cherehani moja na watoto watatu, na mume wake alikuwa safarini kikazi. Mshonaji alifungua bomba. Bomba lilikohoa, likatoa tone moja, likanyamaza.

Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Ndani alikuwa na ndoo moja ya maji safi, imefunikwa. Alingoja aombwe. Alikuwa tayari kuitoa yote.

Mshonaji alimfunga mtoto mgongoni, akachukua ndoo tupu. Akapita mbele ya mlango wa Dobi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtoto vipi? Nina maji hapa..."

Lakini Mshonaji alikuwa ameshafika getini. Alikwenda kuomba maji ua wa tatu, kwenye jua kali, na mtoto mgonjwa mgongoni. Aliona ni afadhali hivyo kuliko kumwomba Dobi.

Dobi alirudi ndani, akakaa kitandani. Siku hiyo hakupiga pasi.

Jioni mama mwenye nyumba alikuja. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Dobi, mimi na wewe tumetoka mbali. Mkeo alikuwa kama dada yangu. Lakini watu wanataka kuhama. Kesho nitaleta fundi atazame kama bomba linavuja. Kama halivuji, na tangi likikauka tena kabla ya Jumamosi, itabidi utafute pengine pa kufulia."

"Nitakwenda wapi, mama? Hapa ndipo kazi yangu, hapa ndipo kitanda changu."

"Ndiyo maana naleta fundi kwanza," alisema mama mwenye nyumba.

*

Fundi bomba alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mfuko mzito begani. Mtaani kote walimwita Spana. Alizunguka ua mzima. Alipapasa viungo vya mabomba. Alikagua vyoo. Aligonga tangi kwa kifundo cha kidole, kutoka juu hadi chini, akisikiliza. Mwisho alifika kibarazani kwa Dobi. Maji ya akiba yalikuwa yameletwa asubuhi hiyo kwa gari, na mpira ulikuwa ukitiririka kama kawaida.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeona panapovuja?"

Spana alitazama mpira. Akatazama mfereji.

"Nadhani nimepaona. Hebu nipe ndoo."

Alitoa mpira kwenye beseni, akauweka kwenye ndoo ya lita ishirini. Akatazama saa yake ya mkononi. Ndoo ikajaa.

"Dakika mbili," alisema Spana. "Unapofua, mpira unakaa wazi kwa muda gani?"

"Saa moja hivi."

"Saa moja ni dakika sitini. Kwa hiyo ni ndoo thelathini, mzee. Familia moja humu ndani inatumia kama ndoo tano kwa siku. Wewe na mpira wako mnatumia maji ya familia sita."

"Mimi?" Dobi alishangaa. "Mimi niko peke yangu."

Spana alifunga bomba. Kibaraza kikawa kimya kabisa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Spana taratibu, "na wewe nguo ndizo kazi yako. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii. Nilijua maji yanamwagika. Sikujua ni mengi hivyo." Dobi alijifuta mikono kwenye suruali. "Mke wangu ndiye aliyekuwa akisuuza. Mimi sikuwahi kutazama anafanyaje. Na pia... utanicheka."

"Nikucheke kwa nini? Sema."

"Maji yakiwa yanatiririka, ni kama kuna mtu upande ule."

Spana hakucheka. Alivuta kile kigoda cha upande wa pili, akakifuta vumbi, akakaa.

"Haya. Leo kuna mtu. Lete mabeseni matatu."

*

Walifua pamoja mpaka saa sita. Spana aliongea wakati wote, kama redio.

"Anza na nguo nyeupe, ambazo si chafu sana. Halafu za rangi. Nguo za gereji na soksi ziwe mwisho. Hivyo maji yaleyale yanakufaa kwa muda mrefu. Beseni la kwanza ni la kufulia. La pili, suuza ya kwanza. La tatu, suuza ya mwisho. Hebu tazama haya ya beseni la tatu. Unaonaje?"

"Ni kama maji safi."

"Sasa kwa nini uyamwage? Haya ndiyo utakayolowekea fungu linalofuata. Na sabuni, mzee! Unatia sabuni kama unalisha ng'ombe."

"Wateja wanapenda povu."

"Wateja wanapenda nguo safi. Povu si usafi. Ukizidisha sabuni, ndipo unahitaji maji mengi ya kuiondoa. Tia nusu ya hiyo, loweka nusu saa, uone."

Dobi alijaribu. Makoti ya zahanati yalitoka meupe kama kawaida. Aliyainua juani, akayageuza, akanusa kwapa la moja. Hakupata kosa.

"Na haya machafu ya mwisho?" aliuliza.

"Tafuta pipa lenye kifuniko. Yatie humo. Vyoo vyenu ni vya kumwagia ndoo, na kila siku mnavimwagia maji safi ya kunywa! Choo hakihitaji maji ya kunywa. Lakini nisikilize vizuri. Maji ya pipa si ya kunywa, si ya vyombo, si ya kuogeshea watoto. Funika muda wote, mbu wasizaliane na mtoto asitumbukie. Yasilale. Ya leo yaishe leo, la sivyo yatanuka. Na yakiwa na dawa ya kung'arishia, usimwagie mimea."

Waliposuuza nguo ya mwisho, walihesabu. Wakati ule wa mpira, kazi hiyo ilichukua ndoo thelathini. Leo walitumia saba.

Spana alikunja mpira wa maji, akamkabidhi Dobi.

"Sasa nenda ukawaambie wenzako," alisema.

"Siwezi. Hawataki hata kuniona."

"Mimi natengeneza mabomba, mzee wangu. Hayo mengine ni yako."

*

Dobi alianza na mlango mgumu kuliko yote. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua macho.

"Mwanangu, nimekuja kusema jambo. Tangi halivuji. Maji nimeyamaliza mimi."

Cherehani ilisimama.

"Jana ulipita mlangoni kwangu na mtoto mgongoni. Niliona aibu. Leo nimefundishwa kufua. Miaka yote hii ni dobi, na leo ndipo nimefundishwa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nisamehe."

"Nimesikia, mzee," alisema Mshonaji. Akakata uzi, akaongeza, "Mtoto hajambo leo." Kisha akaendelea kushona.

Dobi alipita milango yote. Wengine waliitikia kwa kichwa. Mmoja alisema, "Tutaona Jumanne." Alipomaliza aliweka pipa kibarazani, akalifunika, akaandika kwa chaki: MAJI YA CHOO TU.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Dobi alibeba ndoo mwenyewe, akaenda kumwaga chooni, safari kwa safari. Siku ya pili, vivyo hivyo. Alifua akiwa kimya, bila mpira na bila mtu. Kulikuwa na sauti ya mikono yake tu kwenye nguo. Mara mbili aliutazama mpira uliokunjwa ukutani. Hakuugusa.

Siku ya tatu alikuja Mlinzi, mpangaji wa chumba cha mwisho. Alitoka lindoni, macho mekundu kwa usingizi, na ndoo mkononi.

"Nipe maji yako ya soksi."

"Hujali yametoka wapi?"

"Mzee, choo hakiulizi," alisema Mlinzi.

Dobi alicheka. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Kesho yake walikuja watatu. Wiki iliyofuata walikuja wote, asubuhi na jioni. Mtu akija kuchota hawezi kuchota kimya. Alisema habari za watoto, au za kazi, au alilalamika kuhusu jua, au aliuliza habari ya mabeseni matatu, na Dobi akamfundisha kama alivyofundishwa na Spana. Jumanne ilipita na bomba likatoa maji. Jumatano ikapita, na Alhamisi. Ijumaa mama mwenye nyumba aligonga tangi mwenyewe. Lilikuwa bado na maji ya siku moja.

"Dobi," alisema, "endelea kufulia hapa."

Jumapili ile Mshonaji alikuwa anachota wakati simu ilipolia. "Ni binti yako? Nisalimie," alisema. Dobi alifikisha salamu hizo. Safari hii hazikuwa za kutunga.

*

Miezi miwili baadaye, Dobi aliamka akashindwa kusimama. Kifua kilimbana, mwili uliwaka moto. Jua lilikuwa limeshafika kibarazani. Alisikia ndoo zikigongana nje.

"Mbona pipa tupu leo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mlinzi.

"Saa mbili sasa, hajafungua." Huyo alikuwa Mshonaji. "Si kawaida yake. Mzee! Baba! Fungua!"

Alitaka kujibu, kikatoka kikohozi tu. Mlinzi alisukuma mlango kwa bega. Wakamkuta kitandani, wakampeleka zahanati. Muuguzi, aliyevaa koti lililofuliwa na Dobi, alimpima kifua.

"Mmemleta mapema," aliwaambia. "Angebaki peke yake siku mbili tatu, tungesema mengine. Anywe dawa hizi, apumzike wiki nzima."

"Mashuka ya watu je?" alinong'ona Dobi.

"Yana miguu?" alijibu Mshonaji. "Yatakungoja. Au hayatangoja, tutaona."

Hayakungoja. Kesho yake asubuhi Dobi aliamshwa na kelele kibarazani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo. Mabeseni matatu yalikuwa yamepangwa.

"Punguza sabuni wewe, unalisha ng'ombe?"

"Hayo usimwage! Ni ya kulowekea."

"Mlinzi, hilo ni shati la mtu, si mwizi. Usilikabe hivyo."

Walicheka wote. Dobi naye alicheka, kikohozi kikamshika. Mshonaji alichungulia, mkono mmoja ukidondosha maji ndani ya beseni alilolishika kwa mkono wa pili, ili yasipotee chini.

"Pole, baba. Tumekuamsha? Tunyamaze?"

"Hapana, mwanangu," alisema Dobi, akivuta shuka hadi kifuani. "Msinyamaze. Endeleeni kuongea."