Nilidhani Kaimu Ni Cheo

Mwaka ule tulikula maboga asubuhi na jioni, maana mahindi yalikauka yangali na maua. Hata mgeni akija kwetu Bashay, anapewa boga na chai. Mimi sasa nimepita miaka sabini, shule niliishia darasa la pili, lakini mwaka huo sitausahau...

Ndio mwaka mjukuu wangu Paulina, daktari wa ng'ombe, alipofanywa kaimu mkuu wa mifugo. Nilimlea mwenyewe, mama yake alikufa mapema. Nikasimama kanisani nikatangaza, "Mjukuu wangu ni kaimu." Watu wakapiga makofi. Nilidhani kaimu ni zaidi ya mkuu... si ndilo neno linalotangulia?

Ukame wote ule Paulina alizunguka hadi Tumati, mkono umezama ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Wazee wa kumzaa wakamwita mama.

Mvua ikarudi, ng'ombe wakanona, akaletwa mwanamume awe mkuu. Paulina akanieleza taratibu, "Bibi, kaimu anamshikia mwenzake kiti."

Na nani alimwangusha? Mwanangu wa kumzaa, Daniel, mjomba wake! Wafugaji walipoulizwa maoni, alisimama akasema, "Huyu ni wa nyumbani kwangu, namjua. Kesho ataolewa, keshokutwa ana mimba. Sisi wenye ng'ombe tuamriwe na tumbo?" Wanaume wakacheka. Na yeye alitoka tumbo la nani?

Akaja kwangu bila haya. "Shikamoo mama. Mkuu mpya anakaribishwa Ijumaa. Sauti unayo, uwaongoze akina mama."

"Marahaba. Kiti hicho sikipigii vigelegele."

"Utaniaibisha, mama."

"Aibu umeianza wewe, mimi naimalizia tu."

Paulina hakuondoka. Akabaki akimfundisha kazi bosi wake, jioni akirudi, chakula anakigusagusa tu. Hivi kusoma kote kule kulikuwa kwa ajili ya hilo?

Juzi yule bwana kahamishwa. Paulina kafanywa kaimu tena...

Wasomaji wenye mabinti, msiwe kama mimi. Binti akiambiwa kaimu, ulizeni kwanza: mpaka lini? Msipige makofi kabla ya jibu.

Daniel alikuja mbio, meno yote nje. "Mama, sasa si furaha? Tuitie akina mama."

Nikaendelea kumenya boga langu.

"Kiti hicho sikipigii vigelegele."