Baada ya Kishindo

Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na mbili, soko la Chikongola lilifurika watu wa korosho. Sabina, opereta wa simu bandarini, alipita na kikapu cha mayai, gauni lake la bluu limemkaa kiunoni hata wapagazi wakasahau magunia. Mbele ya banda la redio, kijana aliinamia gramafoni ya betri.

"Fundi, santuri yako imekufa?"

"Inanong'ona, bibie. Sogea."

Alisogea. Vinanda vilisikika kwa mbali, kama vinapigwa nyumba ya tatu. Akainama zaidi. Ghafla ngoma na matarumbeta vikalipuka, kikapu kikamponyoka.

Elia, ndiye fundi huyo, akainua sindano huku akicheka hadi machozi.

"Mshenzi wewe! Walioirekodi hawana adabu?"

"Wanayo. Wanataka cha chini kiwe chini kweli, na cha juu kiwe juu kweli. Kwao nyumba ni kimya. Hapa kuna vinu na majogoo, basi mwanzo nafungulia sauti, ngoma zikikaribia naipunguza. Mkono wangu hautoki kwenye swichi ya sauti. Leo umenisahaulisha."

"Na baada ya kishindo kuna nini?"

"Njoo kesho usikie. Na mayai yako nitakulipa."

Alikuja kesho, na kesho kutwa. Santuri hawakuimaliza, walikuwa na mengine ya kuzungumza.

"Bandari. Nikuunganishe na nani?" Sabina aliuliza Elia alipompigia simu kazini.

"Na moyo wako."

"Laini hiyo ina mtu. Fundi mmoja, mvunja mayai."

Ilibaki ridhaa ya Mama Agnes, mama yake Sabina. Mama huyo alivuka Ruvuma na bintiye hadi Kilambo baada ya mabomu ya Wareno kuteketeza kijiji chao. Sikio lake moja lilikufa hukohuko. Zamani aliimba kanisani. "Mlete," alisema, "na hiyo santuri yake."

Elia alifika Jumapili alasiri, shati jeupe, suruali ya bugaluu. Kwa ajili ya sikio la mama akafungulia sauti hadi mwisho. Mama Agnes akafumba macho, akaanza kuufuata wimbo kwa pua.

"Kijana ana mikono myema," alisema.

Kwa furaha, Sabina aliutoa mkono wa Elia kwenye swichi, akaukumbatia kifuani.

Ngoma zikalipuka.

Mama Agnes alinyakua mto kitandani kama anyakuaye mtoto, akatoka mbio, akajirusha kwenye shimo la choo kipya nyuma ya nyumba, kama alivyokuwa akijirusha handakini. Walipomtoa, nyonga ilikuwa imevunjika, na maneno yamemwishia.

"Ulitaka kucheka tena!" Sabina alipiga kelele. "Kama siku ya mayai!"

Elia alifungua kinywa, akautazama mkono wa Sabina, akakifumba. Akabeba gramafoni yake, akaondoka.

Kila siku alipiga simu kutoka posta. "Mama anaendeleaje?" Sabina alikata. Alingoja Elia aseme, *wewe ndiye uliyenitoa mkono*, ili apate cha kumchukia. Hakusema. Wiki ya tatu Sabina akashindwa.

"Mbona husemi ni nani aliyekutoa mkono?"

"Ulikuwa wangu, mpenzi. Ningeweza kuukatalia."

"Njoo, Elia. Mama hali chakula."

Alikuja, akakesha naye. Siku ya pili Mama Agnes alifariki, bila neno.

Matanga yalipokwisha Elia alisema, "Nataka kukuoa."

"Nani atanipa ridhaa?" Sabina alivaa kaniki nyeusi, mashavu yamebonyea. "Lete santuri. Nataka kujua Mama alikimbia nini."

Safari hii swichi aliishika yeye. Vinanda vikanong'ona. Kishindo kilipokuja hakupunguza. Bati likatetemeka, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, mkono hakuuondoa.

Ngoma zikakoma. Baada yake ukarudi wimbo uleule wa mwanzo, alioufuata mama, taratibu mno hata haukushinda kinu cha jirani. Elia akanyoosha mkono aongeze sauti.

"Acha. Sogea."

Waliinama hadi vichwa vikagusana. Hapakuwa mbali, Sabina aliwaza. Mama angengoja kidogo tu, angeusikia.

Sindano ilipofika katikati na kubaki ikikwaruza, alisema, "Nimekubali." Alisema kwa sauti ndogo sana, na Elia akaisikia.