Safu ya Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi, nahodha aliyezama ziwani mwezi Aprili alionekana akiendesha boti ishirini na mbili kwa wakati mmoja.

Ndivyo ilivyosomeka tovuti ya umoja wa wenye boti za abiria wa mwalo mmoja wa Ujiji. Kila boti ilikuwa na ukurasa wake, na katika kila ukurasa, mahali pa jina la nahodha, palikuwa na neno moja tu: Eriya. Mkaguzi wa mwaloni, ambaye hulinganisha jina la ukurasani na kitambulisho cha nahodha kabla ya kuruhusu safari, alizuia boti zote. Abiria wakakaa mchangani juu ya mizigo yao.

Jalada lilipomfikia Inspekta Jeremia Ruhuza siku ya Jumanne, mtuhumiwa alikuwa amekwisha kupatikana. Katibu wa umoja, Bwana Alphonce, alikuwa amemshitaki karani wake, Nehemia, waliyezozana naye juu ya likizo. Nehemia alikuwa mahabusu, na Katibu alitaka afikishwe mahakamani siku ya pili yake.

"Una ushahidi gani?" aliuliza Inspekta.

"Tazama tahajia, afande. Elia kaandikwa Eriya. Nehemia ni Muha wa Kasulu. R na l kwake ni Kurwa na Doto."

"Mimi pia ni Muha wa Kasulu, Bwana Katibu."

Katibu alikohoa.

Inspekta alikuwa amefunzwa, tangu siku za shule ya bweni, kutotia sahihi chini ya jambo asilolielewa. Alimwita fundi aliyeijenga tovuti, Recho, mwanamke kijana wa Katubuka. Recho alieleza kwa utulivu, macho yakiwa mezani. Kurasa zote hutumia kiunzi kimoja: kichwa kile kile, menyu ile ile, na nafasi tupu katikati. Ukurasa unapofunguliwa, jina la nahodha huchotwa kutoka safu yake ndani ya kanzidata na kujazwa katika nafasi hiyo. Karani alikuwa na nywila ya kanzidata tu.

"Na ya kiunzi?"

"Tunayo wawili. Mimi na Katibu."

Inspekta aliagiza kanzidata ifunguliwe. Majina ya manahodha yalikuwa salama, kila moja katika safu yake. Basi kanzidata haikuguswa. Mtu alikuwa ameiziba ile nafasi tupu kwa jina moja, na kiunzi kikalibeba hadi kila ukurasa. Nehemia hakuwa na uwezo huo.

Lakini namba za safu ziliruka kutoka kumi na tatu hadi kumi na tano.

"Kumi na nne alikuwa nani?"

"Elia," alijibu Katibu. Alisimulia kwamba boti ilipopigwa na dhoruba, Elia aliwavusha abiria wote hadi boti ya wavuvi. Yeye mwenyewe hakuonekana tena, wala mwili wake. "Nilimwagiza Nehemia amfute. Orodha ni ya walio hai, afande. Abiria akisoma 'marehemu', hapandi."

Alasiri Inspekta alikwenda Gungu kwa mama wa marehemu, Bibi Rozalia. Alimwamkia, akapewa kigoda, akatoa pole. Bibi alieleza kwamba kaburi hakuna. Alichokuwa nacho ni ule ukurasa wa mwanawe, ambao binti yake alimfungulia katika simu kila Jumapili baada ya misa. Kisha Jumapili moja ukurasa haukuwapo.

"Nikamwambia binti yangu, Eriya wangu kazama mara ya pili."

"Binti yako ni nani, mama?"

"Recho. Yule wa kompyuta, aliyeolewa Katubuka."

Inspekta alimkuta Recho ofisini. Hakuketi.

"Nehemia ana siku mbili mahabusu kwa kosa lisilo lake."

Recho alifunga kompyuta taratibu. Inspekta alimwonya, kwa mujibu wa sheria, kwamba halazimiki kusema neno. Alisema.

"Nilidhani Katibu atajua ni mimi. Barua mbili nilimwandikia, amrudishe kaka yangu, hata kwa neno 'marehemu'. Hakujibu. Safu hufutwa kwa kidole kimoja, afande. Nikamweka kwenye kiunzi, wamwone siku moja tu. Aliwavusha watu wao."

"Na tahajia?"

"Mkono uliandika anavyoita mama."

Inspekta hakumwambia kwamba alitenda haki. Abiria walikuwa wamekwama, na asiye na hatia alikuwa amefungiwa. Jioni ile alimwachia Nehemia, akafungua shitaka dhidi ya Recho, akampa dhamana. Barua mbili aliziambatisha kama vielelezo, na agizo la kufuta akaliandika katika maelezo ya Katibu, neno kwa neno, na Katibu akalitia sahihi bila kupenda. Recho alirudisha kiunzi mbele yao. Nafasi ikawa tupu tena, na manahodha ishirini na wawili wakarejea kwenye boti zao.

Inspekta alichukua kalamu.

"Jina la marehemu niliandikeje?"

"La kwenye kanzidata lilikuwa Elia."

"Kanzidata haina jina lake. Nakuuliza wewe."

"Eriya."

Inspekta aliliandika kwa wino, herufi kwa herufi, akaligeuza jalada ili dada mtu alisome.

"Humu," alisema, "hatufuti safu."