Inazima, Tafadhali Subiri

Jumatatu ile, kwa mara ya kwanza, kompyuta ya Mchapaji iligoma kuzima.

Ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado kali dirishani. Mchapaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachapia watu barua na hati zao pale pale sebuleni, alikuwa amemaliza kazi ya siku. Nyuma yake alikaa baba yake, mwamuzi mstaafu wa mpira ambaye mtaa mzima ulimwita Refa, akikoroga chai. Mchapaji akabofya pa kuzimia. Skrini ikaandika: *Inazima, tafadhali subiri.* Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Nipitishie su..." alisema Refa, akanyamaza.

Mchapaji akageuka. Kijiko kilikuwa hewani, mdomo wa mzee wazi, macho hayapepesi. Sebuleni kulinuka nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na ubaridi wa udongo wa shimoni. Feni ya kompyuta ilivuma ikakatika, ikavuma ikakatika, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

Kisha skrini ikawa nyeusi.

"...kari," alimalizia Refa. "Mbona unanitumbulia macho?"

Mchapaji alijiambia ni uzee, wa baba na wa mashine. Kompyuta ilikuwa na miaka kumi na mbili, na aliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka ofisi moja iliyofungwa ghafla bila mtu kueleza kwa nini. Lakini Jumanne kiduara kilizunguka dakika mbili, na dakika mbili zote Refa alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, vidole vimeganda. Jumatano zilikuwa dakika sita. Nzi alitua shavuni mwa mzee, akapanda, akatembea juu ya jicho lake lililo wazi, na jicho halikutikisika. Hapo Mchapaji alishindwa kuvumilia, akauchomoa waya ukutani.

Refa alidondoka sakafuni kama gunia. Damu ilimtoka puani. Na sauti iliyomtoka mdomoni ilikuwa nyembamba, ya upole, wala haikuwa yake.

"Nilikuwa nimeshafika kifuani," ilisema. "Ungesubiri kidogo tu."

Kisha mzee akakohoa, akauliza kwa hasira ni nani aliyemsukuma.

Alhamisi Mchapaji hakuizima kabisa. Ijumaa, saa kumi kamili, ikaanza kujizima yenyewe, hakuna aliyeigusa. Dakika kumi na moja. Refa alipozinduka alijishika kifua, na kwa mara ya kwanza maishani bintiye alimwona ameogopa.

"Mwanangu," alinong'ona, "leo nimesikia mtu anapanga vyombo vyake humu ndani."

Jumamosi saa nane mchana akaja Fundi, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyewahi kusoma darasa moja na Mchapaji. Alisikiliza mambo yote bila kucheka, na hilo lilimtisha Mchapaji kuliko kama angecheka.

"Tuanze na ya kawaida," alisema Fundi. Akachomoa printa. Akachomoa spika, akaziweka sakafuni na nyaya zake. Akafunga programu moja baada ya nyingine, akaiwasha upya kompyuta ikiwa na yale ya lazima tu. Kisha akamwambia Refa aendelee kusema, jambo lolote, na yeye akabofya kuzima.

Skrini haikuzima. Ikaandika: *Programu moja inazuia kompyuta kuzima.* Penye jina la programu palikuwa patupu. Wakiwa wanatazama, pakaanza kujaa, herufi moja moja, na ilipofika mwisho lilikuwa jina la Refa, jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake, ambalo Mchapaji mwenyewe alikuwa hajawahi kuliandika popote.

Fundi akabofya haraka kuahirisha.

"Mama yangu alikuwa anatoa majini," alisema chinichini. "Mimi nilikimbilia kompyuta ili nisirithi kazi yake. Kumbe limenifuata huku huku."

"Linataka nini?"

"Kiti. Kompyuta hii ndiyo iliyokuwa kiti chake, nayo imechakaa. Linahama wakati wa kuzima. Siku zote hizi lilikuwa linapima tu, leo limeshaandika jina. Ukikata umeme likiwa njiani, linabakia lilipofika. Mama angewaambia mhame leo hii, muiache nyumba na kila kilichomo."

"Nihame?" Refa alisimama, magoti yakilia. "Nimefukuza wachezaji wenye vifua kama milango ya ghala, halafu nitolewe nyumbani kwangu na kitu kisicho hata na miguu? Sitoki."

"Hatutoki," alisema Mchapaji. "Tupe njia nyingine."

Fundi alifikiri. "Halimwingii mtu anayejibu. Linamngoja anyamaze. Kompyuta ikizima kabisa kabla halijapata pa kukaa, limekwisha. Mama ndivyo alivyosema. Mimi sijawahi kujaribu." Akamtazama Mchapaji. "Mkasirishe baba yako. Mkasirishe sana, na usimwache."

Akabofya. Kiduara kikaanza kuzunguka, na Fundi akarudi nyuma, akakaa karibu na mlango, mkono mdomoni.

"Baba," alisema Mchapaji, "ile penalti uliyotoa kwenye fainali haikuwa penalti."

"Nini?"

"Mpira uligonga bega."

"Mkono! Nilikuwa hatua tatu!"

"Ulikuwa katikati ya uwanja, unahema."

Refa akawaka. Akaeleza upepo wa siku ile, akamtaja beki na mkono wake wa kushoto, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda mpaka ikawachoma koo, na Mchapaji akambishia kila neno, akamwambia hajui sheria, akamwambia filimbi yenyewe alipuliza kwa uoga wa mashabiki, huku kiduara kikizunguka robo saa, nusu saa, jua likishuka ukutani, na maneno ya mzee yakianza kuchelewa, neno moja, kisha kimya, kisha neno jingine, midomo ikiwa mizito kama ya mtu aliyeganzishwa na daktari wa meno, na kutoka sakafuni, kwenye spika ambazo nyaya zake hazikushika popote, ikaja sauti ya Refa mwenyewe, imechoka, inabembeleza.

"Mwanangu, nimechoka. Niache nipumzike."

Mchapaji alihisi machozi. Alitamani kumlaza mzee, kumfunika shuka, kumnyamazia. Akazipiga spika teke zikagonga ukuta.

"Muongo wewe! Baba yangu hajawahi kukubali kwamba amechoka!" Akamkamata Refa mabega, akamsogelea usoni. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kukauka. "Baba! Hata marehemu mama alisema lilikuwa bega!"

Kimya. Feni ikavuta pumzi, ikaishikilia.

"Mama yako," alisema Refa, kwa shida, kisha kwa nguvu, kisha kwa ngurumo iliyotikisa vioo, "mama yako alikuwa anashabikia wale wale waliofungwa!"

Skrini ikawa nyeusi. Taa ndogo ya kompyuta ikafifia, ikafa. Harufu ikakatika kama imefungiwa mlango, na Refa bado alikuwa anaeleza habari za mkono wa kushoto, jasho linamtiririka, na Mchapaji alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Limekosa kiti," alimwambia Fundi. "Tumelishinda!"

Fundi hakujibu. Alikuwa ameshainuka, mkoba begani, mguu mmoja umevuka kizingiti. Ule mguu haukukanyaga. Ulibaki hewani, na Mchapaji akakumbuka kwamba tangu kiduara kianze kuzunguka, mwenzake alikuwa hajafungua mdomo.

Hakupiga yowe. Alivuka sebule, akamkamata mkono uliokuwa baridi kama udongo wa shimoni.

"We Fundi! Shule ulikuwa unaibia majibu yangu! Na ufundi wenyewe huujui, umekaa kwenye kona kama mwali!"

"Na mkoba wako mbaya!" alinguruma Refa nyuma yake, akija mbio kadiri magoti yalivyomruhusu. "Kadi nyekundu! Toka nje!"

Majirani walichungulia madirishani. Baba na binti hawakuwajali. Walipokezana, huyu akipumua yule anatukana, mpaka koo la Fundi likapanda na kushuka.

"Mnanitukana," alisema polepole, kwa sauti yake mwenyewe, "na hata chai hamkunipa."