Kinyozi Aliyeogopwa na Binti Yake

Mtaa mzima ulijua mahali pa kupeleka maneno: kwenye kiti cha kinyozi. Ukishakaa pale, ukafungwa kitambaa shingoni, na mashine ikaanza kuunguruma, ulimi hulegea wenyewe. Huyu anasimulia ugomvi wake na bosi. Yule anaeleza jinsi mkwe alivyokuja kusalimia akahamia. Kinyozi anaitikia tu, "Ehee? Ikawaje?" Mteja anaondoka na kichwa chepesi, nje na ndani.

Kwa hiyo aibu yake ilikuwa ya wazi. Binti wa kinyozi, mtoto wa miaka saba, alikuwa na nywele kama kichaka.

"Fundi, hicho kichwa cha nyumbani umemwachia nani?" dereva mmoja wa lori alimtania, alipomwona mtoto akipita na mkoba wa shule.

Kinyozi alicheka kwa meno tu.

Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu ya domo lake. Tangu alipojua kusema, hakunyamaza. Baba yake ndiye aliyemnyoa tangu akiwa mchanga. Chiriku alikuwa akisimulia mambo ya shule huku akitikisa kichwa, mpaka baba anazima mashine na kumngoja amalize. Sasa akiambiwa, "Njoo nikunyoe," anajificha nyuma ya mama yake. Hasemi neno.

Kinyozi alijua sababu, lakini hakuwa amemwambia mtu.

Siku moja Chiriku alikuwa saluni akichezea kioo cha mkono, kile cha kumwonyesha mteja kisogo chake. Kikamponyoka, kikapasuka sakafuni. Kabla kinyozi hajafikiri lolote, tayari alikuwa amemshika mtoto mkono, na mkono wake mwingine ulikuwa juu. Alisikia sauti kali ikitoka kinywani mwake, wala hakuitambua. Hakupiga. Lakini Chiriku alijikunyata, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, akangoja kipigo.

Hilo ndilo lililomuuma. Hakuwahi kumpiga mtoto huyu hata kofi. Alijiapiza hivyo siku ile alipozaliwa. Naye alikuwa anaijua vizuri namna ile ya kufunika kichwa.

Tangu hapo akawa anamkwepa binti yake. Akisikia sahani zikigongana jikoni, anatoka nje. Akimwona mtoto ameshika kikombe, anafoka, "Angalia wewe!" Alidhani kwa kukaa mbali anamlinda. Chiriku naye alidhani baba hampendi tena.

Mama Chiriku alikuwa akifua mashuka ya zahanati. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Jioni moja, wakikunja nguo pamoja, alisema:

"Baba Chiriku, mtoto anakuogopa."

"Mimi sijampiga."

"Sijasema umempiga. Nimesema anakuogopa. Juzi kavunja kikombe, akaenda kufukia vigae kwenye ndoo ya unga. Bahati yetu nimeviona nikichota. Tungevila wote. Mwalimu naye ananiuliza, mtoto huyu kwa nini siku hizi hasemi darasani?"

Kinyozi akalikunja upya shati alilokwisha kulikunja.

"Pale zahanati kuna mama mshauri," mkewe aliendelea. "Yuko chumba cha mwisho, karibu na ninapoanikia. Anasaidia watu waliopitia mambo magumu utotoni. Wazazi tele wanakwenda."

"Kwani mimi mwendawazimu?"

"Nani kasema? Mtu akiumwa jino haendi kwa daktari?"

"Hayo yamepita, mke wangu. Ya kale hayanuki."

"Yako yananuka. Nyumba nzima tunaisikia harufu yake."

"Basi nitajirekebisha mwenyewe."

"Wewe tena? Kinyozi hajinyoi. Hilo unalijua kuliko mimi."

Kinyozi alijipapasa kisogo. Ni kweli, yeye mwenyewe alikuwa akinyolewa na mwenzake wa mtaa wa pili. Wiki ile ile akaenda zahanati.

Mama mshauri alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, dirisha na jagi la maji. Alimweleza kinyozi kwamba atakayoyasema hayatatoka humo, isipokuwa kama kuna mtu aliye hatarini. Kisha akamuuliza, "Haya, baba. Nini kimekuleta?"

Hapo kinyozi alifanya kosa ambalo ni kinyozi tu angeweza kulifanya. Alimtazama yule mama, akasema, "Unaonekana umechoka. Kazi nyingi leo?"

"Eeh, kidogo."

"Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Ila kijana wangu anataka kuacha chuo."

"Ehee? Ikawaje?"

Mama mshauri alianza kueleza. Kinyozi akawa anaitikia, anaguna mahali pa kuguna. Ghafla mama alisita, akavua miwani, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Baba wewe! Umeninyoa bila maji! Mimi ndiye ninayelipwa kusikiliza hapa."

Kinyozi naye akacheka. Mama akarudisha miwani yake.

"Wewe ni hodari wa kusikiliza. Hebu niambie, nani amewahi kukusikiliza wewe?"

Kinyozi alifungua kinywa. Akatafuta mtu mmoja tu wa kumtaja. Hakumpata. Machozi yakamlengalenga, akaona haya, akageukia dirisha.

"Hatuna haraka," mama alimwambia. "Utasema unachotaka, siku unayotaka. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka tuache, tunaacha."

Wiki iliyofuata alirudi, na safari hii alisema yeye.

Alieleza kwamba wazazi wake walifariki mapema, akalelewa kwa baba yake mdogo. Katika nyumba ile, kitu kikianguka, hata kijiko, baba mdogo alifungua mkanda wa suruali. Kwanza unasikia kitu kikivunjika. Kisha unasikia chuma cha mkanda kikilia. Kisha unafunika kichwa.

"Mpaka leo sivai mkanda," alisema. "Suruali zangu zote natia mpira. Wateja wakinicheka nawaambia kitambi changu hakipendi kubanwa."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kama Chiriku."

Alipolitaja jina hilo alilia kweli, kwa sauti, bila kujificha. Mama mshauri alimmiminia maji, akamwacha alie.

Baadaye alimweleza. "Mwili wako ulijifunza kwamba mlio wa kitu kuvunjika maana yake ni kipigo. Wakati ule ulikusaidia kujikinga. Leo wewe ni mtu mzima, na baba mdogo hayupo. Lakini mwili haujapata habari hiyo. Kikivunjika kitu, unarudi kuwa mtoto mwenye hofu. Tofauti ni kwamba sasa una mikono mikubwa."

"Kwa hiyo mimi ni mtu mbaya?"

"Hapana. Uliumizwa, na halikuwa kosa lako hata kidogo. Lakini Chiriku naye hana kosa. Kwa hiyo kazi ya kupona ni yako, na mimi nitakusaidia."

Akamfundisha la kufanya. Ukisikia mlio, usiseme kwanza. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, uisikie chini yako. Vuta pumzi, kisha itoe polepole. Tazama vitu vilivyo mbele yako, uvitaje kimoyomoyo: mlango, meza, dirisha. Jiambie, mimi ni mtu mzima, niko kwangu, huyu ni mwanangu. Ukiona bado hasira inapanda, sogea mbali na mtoto. Lakini mwambie, "Baba anatoka kidogo, atarudi." Na urudi kweli.

"Na nikishafoka?"

"Utafoka tena siku moja, nakwambia mapema usije ukakata tamaa. Ukifoka, mwombe radhi."

"Mzazi amwombe mtoto radhi? Si atanipanda kichwani!"

"Atajua kosa lilikuwa la nani. Sasa hivi anadhani ni lake."

Maneno hayo yalimwingia kinyozi mpaka moyoni.

Akaendelea kwenda zahanati kila wiki. Mama mshauri akashauri waanze mazoezi na milio midogo. Nyumbani, mkewe akawa anadondosha mfuniko wa sufuria baada ya kumwonya, naye anakanyaga sakafu na kutoa pumzi. Baadaye ukafuata mfuniko mkubwa. Jirani alibisha hodi kuuliza kama wanapigana.

"Hapana, jirani," alijibu Mama Chiriku. "Tunafanya mazoezi ya kutopigana."

Siku aliyoonywa ikafika. Chiriku aliipiga kumbo chupa ya spiriti pale saluni. Ilianguka tu, haikuvunjika. Lakini kinyozi alifoka, na mtoto akafunika kichwa.

Kinyozi akakanyaga sakafu. Kiti. Kitana. Mlango. Akatoa pumzi ndefu, akachuchumaa mbali kidogo na binti yake.

"Chiriku, baba amefoka. Hukukosea wewe, nimekosea mimi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napigwa kitu kikianguka. Mpaka leo nikisikia mlio nashtuka. Siku ile ya kioo nilikutisha sana. Nisamehe, mwanangu. Nimepata mama mmoja ananifundisha, na ninajifunza."

Chiriku akashusha mikono polepole.

"Ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa nalia sana."

Mtoto akafikiri. "Mimi nikiogopa naingia uvunguni."

"Kuna nafasi ya watu wawili?"

"Wewe mnene, hutoshi," alisema Chiriku, na kicheko kikamponyoka.

Hakunyolewa siku ile, wala kinyozi hakumlazimisha. Mama mshauri alimwambia kwamba mtoto hurudisha imani kwa mwendo wake mwenyewe. Chiriku alirudi Jumamosi moja, akapanda kiti bila kuitwa. Baba alimwonyesha kila kifaa kabla ya kukitumia. Kichaka kikaanguka sakafuni rundo zima. Nusu ya kazi mtoto alikuwa kimya. Nusu ya pili alianza kusimulia habari za mwalimu aliyekaa kwenye chaki, na baba ilimbidi azime mashine.

Kinyozi aliendelea kwenda chumba cha mwisho hata baada ya hapo. Kuna wiki alitoka mwepesi, kuna wiki alitoka amechoka kama aliyebeba magunia. Hakuacha.

Kisha ikaja alasiri moja ya joto. Dereva wa lori alikuwa kwenye kiti, amenyolewa upande mmoja tu. Chiriku akaingia mbio, anahema.

"Baba, nimevunja chupa ya chai! Ile mpya!"

Kinyozi alizima mashine. Moyo ulimpiga, naye akauacha upige. Akaikanyaga sakafu.

"Umeungua?"

"Hapana."

"Umejikata?"

"Hapana. Sijavigusa vile vipande. Nimefunga mlango, nikaja."

"Umefanya vizuri sana."

Dereva aligeuka kwenye kiti, akamkodolea macho mtoto.

"Wewe kiboko! Mimi enzi zangu, ningevunja chupa mpya, ningehama nyumba. Umekuja kujishtaki mwenyewe? Kwa nini hukumngoja mama?"

Chiriku alimtazama dereva kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na kichwa wala miguu.

"Kwani mimi sina baba?"

Kinyozi aliiweka mashine mezani. Akamwomba dereva radhi kwa ishara, akachukua ufagio kwa mkono mmoja na mkono wa binti yake kwa mwingine. Wakaondoka pamoja kwenda kufagia, dereva wakamwacha pale na nusu ya kichwa chake.