Misonobari ya Opoka

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Akidi alijaza kopo lenye matundu na kwenda nyuma ya nyumba kumwagilia misonobari ya baba yake. Waliishi Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, ambako kwa unyevu wa ziwa nguo iliyoanikwa hubaki mbichi hadi mchana. Jioni alimwagilia tena. Hata mvua ikinyesha, yeye na kopo lake! Majirani walimcheka, naye hakujali.

Baba yake, Saverio Opoka, alikuwa mfanyakazi wa kitalu cha miti. Mgeni mmoja alimpa mbegu za msonobari wa aina ya pekee, ambao mbegu zake hukaangwa na kuliwa kama karanga. Opoka alizipanda katika viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche, akavipanga chini ya paa dogo la nyasi. "Itachukua miaka mingi, mwanangu," alimwambia Akidi akicheka. "Utakuwa unanitafunia, mimi sina meno!"

Kisha, mwaka 1977, wanaume wa serikali wenye miwani myeusi walikuja na gari mchana kweupe, Akidi akiwa shuleni, wakamchukua. Waacholi wengi, watu wa kabila la Opoka, walichukuliwa siku zile, na watu waliogopa hata kuuliza. Mama yake Akidi, Ajok, alisema tu, "Baba amesafiri kikazi. Atarudi mvua zikianza." Akidi akaamini. Akaapa kwamba Baba akirudi ataikuta miche yote mizima.

Mvua zilianza. Baba hakurudi, na miche ikaanza kuugua. Majani yake membamba kama sindano yaligeuka manjano, shina likalegea pale linapogusa udongo, mche ukalala. Akidi aliingiwa na hofu, akaongeza maji. Ikalala mingine. Maskini, hakujua la kufanya! Alichonga vijiti, akaifunga miche iliyokufa kwa nyuzi za mgomba, ikasimama wima.

"Miche ya Baba inaendeleaje?" Mama aliuliza. Yeye aliitazama kutoka mlangoni tu. Tangu siku ile Baba alipochukuliwa, hakuweza kukisogelea kitalu.

"Vizuri, Mama," Akidi alijibu haraka, macho chini.

Jumamosi moja alikuja Mzee Zubairi, Mnubi, mtu wa kabila lililopendelewa na serikali ile, aliyefanya kazi na Opoka. Watu walimwonya asikanyage nyumba ya Mwacholi, lakini alizidi kuja, akiwaletea chumvi iliyofungwa kwenye gazeti. Siku hiyo alichuchumaa kitaluni, akavuta mche mmoja. Ulitoka bila mizizi, shina limeoza na kuwa jeusi.

"Lo! Akidi, huu umekufa zamani. Na huu. Na huu!"

Akidi akaangua kilio. "Nilimwagilia kila siku, Mzee! Sikukosa hata siku moja!"

"Ndiyo maana," Mzee alisema kwa upole. "Mti huu asili yake ni nchi ya baridi, yenye ukavu. Hapa ziwani hewa yenyewe ina maji. Baba yako alichanganya udongo na mchanga ili maji yapite. Alileta na udongo wa chini ya misonobari mikubwa, kwa sababu bila udongo ule mizizi haipati chakula. Kabla ya kumwagilia alichomeka kidole kiribani: udongo ukiwa mbichi, aliacha. Na paa hili angeliondoa miche ikikomaa, ipate jua. Hali ya hewa hatuwezi kuibadili, mwanangu. Utunzaji ndio tunaouweza. Mbona hukuniita ulipolala mche wa kwanza? Tungeokoa mingi."

"Niliogopa. Sikutaka Mama ajue."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Akidi alidhani atachapwa. Badala yake Mama alikaa chini palepale kwenye tope, akagusa uzi wa mgomba.

"Umeifunga wewe?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Nilitaka Baba akirudi…"

"Baba hatarudi, Akidi." Alimshika mkono. "Mzee Zubairi aliuona mwili wake, akaniletea shati lake. Nilijua, nikakudanganya. Nilishindwa kusema."

Akidi alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama alimkumbatia, naye akalia. Mzee Zubairi aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa kofia yake.

Baadaye waliondoa paa. Akidi alifungua nyuzi mwenyewe, wakaing'oa miche iliyokufa na kuichoma ili uozo usienee. Michache iliyobaki waliiweka juu ya matofali, maji yasituame.

Miezi ilipopita, miche hiyo ikawa kijani. Mzee Zubairi aliipeleka Kabale, milimani kwenye baridi, akawaachia mmoja.

"Huu huenda usizae kabisa," alisema. "Joto la hapa si lake. Lakini ukitunzwa utakua."

Mama aliweka mkono begani kwa Akidi. "Tumejifunza kwa uchungu, mwanangu. Kupenda peke yake hakutoshi, lazima ujue unachokitunza kinahitaji nini. Na kitu kikiharibika, tuambiane siku hiyohiyo. Mimi pia sitakuficha tena."

Asubuhi iliyofuata Akidi alichukua kopo, akaenda kwenye msonobari wa baba yake. Akachomeka kidole udongoni. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akaliweka kopo chini, akaenda shule.