Bega la Picha ya Mwisho

Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa mbili na robo asubuhi, mlinzi wa bwawa la ndege alikuwa amesimama getini akisubiri wageni. Meneja ndiye aliyemtuma. Wageni wenyewe hawakutokea. Simu ikatetema mfukoni, ujumbe wa mkewe aliyekuwa juu ya mnara wa kutazamia ndege na kamera yake:

"Nimempata yule ndege mdiria, mume wangu. Jicho kali kama ncha ya sindano. Nitakuonyesha."

Saa tatu alimkuta chini ya mnara, amekufa, uso ndani ya matete. Meneja alikuwa keshafika. Viatu vyake vikavu, maana hakuingia topeni kumtoa.

"Alikuwa peke yake," meneja alisema kabla hajaulizwa. "Ameteleza."

Ukingo wa mnara ulikuwa umeoza tangu mvua za mwaka jana. Mlinzi aliuandikia ripoti mara tatu kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Akaambiwa asubiri. Mdogo husubiri, wakubwa hunywa chai.

Miezi miwili baadaye ofisi ikarudisha kamera. Akaipeleka kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye duka la kusafisha picha.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Mkanda umeishiwa matundu."

Shemeji akafungua picha kwenye kompyuta. Ya mwisho ikajaa kioo kizima: mdiria juu ya tete, manyoya ya kuhesabika, nukta ya jua ndani ya jicho.

"Dada alijua kazi," akasema huku anafuta machozi. "Haijatikisika hata kidogo."

Mlinzi akaganda.

"Rudia."

"Nimesema haijatikisika."

Mikono ya mkewe ilitetemeka tangu alipougua. Kikombe alishika kwa mikono miwili. Na lenzi ile nzito kama mchi! Miaka miwili ndege wote walitoka ukungu mtupu, mpaka walipobuni mbinu yao: mume anapiga magoti mbele, mke anakunja kitambaa cha kijani begani kwake, analaza lenzi juu yake.

"Usipumue," alikuwa akimnong'oneza.

"Na nikipiga chafya?"

"Nakuacha. Naolewa na mnara."

Kidevu chake kwenye shingo ya mumewe, pumzi zote mbili zimesimama, kisha mlio wa kamera. Mbinu hiyo hawakumwambia mtu. Yalikuwa mahaba yao.

"Labda aliegemea ukingo," shemeji akasema.

"Ukingo ulikuwa unacheza kama jino bovu. Angepata ukungu."

Shemeji akaupekua mkoba wa kamera, akaukung'uta juu ya meza.

"Kitambaa chake cha kijani kiko wapi?"

Mlinzi akampigia meneja palepale, akaweka sauti ya nje.

"Bosi, samahani. Kuna kitambaa cha mke wangu hakionekani."

"Kipi? Kile cha kuweka begani?"

Shemeji akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umejuaje kinawekwa begani, bosi?"

Kwa mbali kijiko kikagonga kikombe.

"Hiyo picha," meneja akasema taratibu, "umeshamwonyesha nani?"

Simu ikakatika.

"Twende polisi," shemeji akasema. "Huyu mtu alikuwa juu pale. Alikupeleka getini kwa makusudi."

"Polisi yupi? Yule aliyeandika kateleza bila kupanda ngazi?"

"Basi twende kwa mwingine. Shemeji, unanisikia?"

Alikuwa anasikia. Angekwenda, na picha angeibeba. Lakini macho yake yalikuwa kwenye saa iliyoandikwa chini ya picha: saa mbili na dakika kumi. Dakika tano baadaye mkewe akamwandikia "mume wangu". Bega gani lilikuwa mbele yake wakati anaandika?

Akatoa simu, akafungua namba ya marehemu ambayo hakuwahi kuifuta. Akaandika, akatuma, ujumbe ukabaki na tiki moja:

"Mke wangu, na yeye ulimwambia asipumue?"